Umepewa Ukuta wa Mapokezi: Mwongozo kwa Msanii

Umeitwa. Halmashauri, kaunti, mahakama au shirika la umma linajenga makao mapya, na mtu mmoja kwenye kamati amesema mapokezi yasibaki matupu. Barua inataja "kazi ya sanaa", ukubwa wa kukadiria, tarehe ya uzinduzi, na sentensi moja kwamba kazi iakisi utamaduni wetu. Mkono unawasha kukimbilia karatasi: mwenge, mlima, twiga, ngoma, mama na mtoto mgongoni. Uzuie. Picha ya namna hiyo ingekaa benki, hotelini au uwanja wa ndege na hakuna ambaye angeshtuka. Unachoombwa hapa ni kazi ambayo ikihamishiwa jengo la pili inapungua.

Kaa kabla ya kuchora

Nenda ukakae mapokezini. Kama jengo bado ni nguzo na vumbi, kaa katika ofisi ya zamani wanayohama, maana watu watakaofika kule ni hawahawa. Fika mlango unapofunguliwa asubuhi, rudi mchana, na usikose Jumatatu. Tazama nani anapita na nani anasubiri. Gavana, mkuu wa mkoa na mbunge huvuka ukumbi simu ikiwa sikioni na lifti imeshashikiliwa. Anayekaa na ukuta wako ni mama aliyefuata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, kijana wa leseni ya biashara, mzee mwenye bahasha ya kaki ya mgogoro wa kiwanja ambaye tangu asubuhi anaambiwa asubiri kidogo. Huyo ndiye mtazamaji wako. Kazi nyingi za mapokezini hutengenezwa kwa ajili ya siku ya kukata utepe na kamera zake, na baada ya hapo hazina la kumwambia mtu, kwa sababu zilimaliza yote kwa mtazamo mmoja. Yako iwe na chakula cha macho kwa mtu atakayeitazama saa nzima bila kupenda.

Wajenzi wa Lamu na Unguja walijua kumhesabu anayesubiri. Daka la nyumba ya mawe, yaani nafasi ya kuingilia mbele ya mlango, lina baraza huku na huku, na mgeni asiye na haja ya kupita ndani huyamaliza mazungumzo yake palepale. Nakshi za mlango ziko upande wa nje, mahali ambapo mtu wa barazani anaweza kuzifuata kwa jicho, ua baada ya ua, mnyororo baada ya mnyororo, hadi mwenyeji atoke. Ukipita karibu na mlango mzuri wa Mji Mkongwe, jaribu kukaa badala ya kupiga picha, uone fundi alivyougawa: yapo ya kuonekana toka ng'ambo ya njia, na yapo madogo ambayo hayaonekani mpaka ukae.

Chukua vipimo kwa jicho hilo. Jicho la mtu aliyesimama liko kama sentimita 155 kutoka sakafuni. La aliyekaa kwenye benchi, au kwenye kiti cha magurudumu, liko karibu sentimita 115. Wasanii wengi huweka utamu wote wa kazi juu, kwenye mita tatu, kisha mkanda wa chini wanaujaza rangi tupu. Geuza. Juu weka umbo kubwa linalosomeka toka mlangoni, chini weka mambo ya kugundua. Kama kazi inatokeza ukutani, mkumbuke anayetembea kwa fimbo nyeupe: viwango vya Marekani vinakataza kitu kilicho kati ya sentimita 68 na mita 2 hivi kutoka sakafuni kutokeza zaidi ya sentimita 10 kwenye njia ya kupitia, kwa sababu fimbo hupita chini yake na uso ndio unaogonga. Ni kanuni nzuri hata pale ambapo sheria haikulazimishi.

Kisha uliza swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: picha ya Rais itatundikwa wapi? Uliza pia kuhusu runinga, ubao wa matangazo, saa, sanduku la maoni, mashine ya maji, mashine ya kukagua mizigo, na ule ubao mkubwa wa Mkataba wa Huduma kwa Mteja. Vyote hivyo vitakuja, na vitakuja baada yako, vikiletwa na fundi mwenye drili na fisha asiyejua wewe ni nani. Pata majibu kwa maandishi na uyachore kwenye ramani ya ukuta. Ukuta safi unaoonyeshwa kwenye picha za msanifu majengo haujawahi kuwepo katika ofisi yoyote ya umma.

Omba mlango, usiombe ukuta

Mfano ninaopenda kuwatuma watu wausome ni Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, jijini Johannesburg. Jengo lake lilifunguliwa Machi 21, 2004 kwenye kilima kilichokuwa na magereza, walikowahi kufungwa Gandhi na Mandela. Jengo la mahabusu lilivunjwa kuipisha mahakama, lakini ngazi zake nne ziliachwa zimesimama, na matofali yake yakajengewa upya ndani ya chumba cha kusikilizia mashauri. Ukumbi wa kuingilia umejaa nguzo zilizoinama, kila moja upande wake, zimevishwa mozaiki, na mtu anayeingia anajikuta kama yuko kati ya miti. Wazo ni la baraza la wazee wanaoamua kesi chini ya mti, na nembo ya mahakama nayo ni mti. Juu zinaning'inia taa za waya za Walter Oltmann. Mlango mkubwa wa mbao umechongwa haki 27 zilizomo katika katiba.

Sasa angalia lililofanyika pale. Sehemu kubwa ya sanaa hiyo haikuletwa jengo likiwa limekwisha ikatafutiwa msumari. Wasanii na mafundi walishindanishwa kutengeneza viungo vya jengo lenyewe: milango, taa, vizuia jua, zulia. Jengo lingehitaji mlango hata kama pasingekuwa na msanii. Fedha ya mlango ingetoka tu. Ndiyo maana nasema ukipewa nafasi ya kuzungumza mapema, usianze kwa kuomba ukuta. Omba kaunta ya mapokezi, sakafu, nondo za madirisha, mabenchi, ukingo wa ngazi. Mkadiriaji majenzi tayari ameviwekea kifungu katika mchanganuo wa gharama, wakati "pambo" ndilo linalofutwa la kwanza bajeti ikipungua. Benchi lililochongwa vizuri litakaliwa na mtazamaji wako wa kweli, na hakuna atakayetundika runinga juu yake.

Mahakama hiyohiyo, ilipokuwa bado kwenye ofisi za muda miaka ya 1990, ilikuwa na randi 10,000 tu za mapambo. Majaji Albie Sachs na Yvonne Mokgoro walizitumia kununua zulia moja la ukutani lililofumwa na Joseph Ndlovu, badala ya kuzitawanya kwenye mapambo madogomadogo, na mkusanyiko uliofuata ulikua kwa michango ya wasanii na marafiki. Bajeti yako ikiwa ndogo, fuata njia hiyo. Kitu kimoja kamili kina nguvu kuliko kuta tatu zilizofanywa nusunusu.

Nini kionekane

Kamati itakuletea orodha. Kila kabila, kila zao, kila mnyama, daraja jipya, kiwanda cha zamani, na vijana wakiwa na kompyuta. Ukiwakubalia yote utakuwa umechora ripoti ya mwaka. Waombe badala yake wakueleze pale palipojengwa palikuwa nini: shamba la mkonge, stesheni, soko, makaburi, mwembe uliokatwa. Waulize ofisi hii inafanya nini hasa siku hadi siku. Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, alipochora kuta za kanisa la kumbukumbu la Murang'a mwishoni mwa miaka ya 1950, maisha ya Yesu aliyaweka kwenye vilima na makazi ya Wakikuyu waliokuwa wakiishi nje ya mlango wa kanisa hilo. Kanisa si ofisi ya serikali, lakini njia ni hiyohiyo: alianza na kilichokuwa kinaonekana akisimama kizingitini.

Uso wa kiongozi aliye hai usiuchore, hata ukibembelezwa na kuongezewa malipo. Uchaguzi utapita, na kazi nzima itapakwa rangi kwa sababu ya kichwa kimoja.

Wananchi washirikishwe kabla ya mchoro wa mwisho, na hapo msanii asijifiche nyuma ya ofisa wa mawasiliano. Nchini Kenya ushirikishwaji wa umma umo katika Katiba ya 2010, na mikutano ipo. Shida ni kwamba mara nyingi watu huitwa kuja kupiga makofi. Peleka mchoro wa kuchafuliwa, wenye nafasi tupu, uwaulize wazee na wafanyakazi wa jengo kipi ni cha uongo. Watakwambia kasia limeshikwa vibaya, kwamba kanga ya namna ile haivaliwi hivyo, kwamba mto hauko upande ule. Masahihisho ya aina hiyo yana thamani. Maoni kuhusu rangi sikiliza, shukuru, kisha uamue mwenyewe.

Asiyeuliza ana kisa cha kujifunzia. Mwaka 1981 mchongaji Richard Serra alisimamisha ukuta wa chuma wenye urefu wa mita 36.6 na kimo cha mita 3.66 katika uwanja wa jengo la serikali kuu jijini New York, uliolipiwa na serikali hiyohiyo. Kazi ilikuwa ya pale hasa. Ilikata uwanja katikati ili mtu auhisi upya kila anapouvuka. Wafanyakazi waliouvuka kila siku kwenda kazini na kula chakula cha mchana hawakutaka kuuhisi upya, walitaka kupita. Malalamiko yakakua, mwaka 1985 kukawa na kikao cha hadhara, Serra akaenda mahakamani akashindwa, na Machi 1989 chuma kikakatwa na kuondolewa usiku. Binafsi naamini ilikuwa kazi kubwa, na pia naamini wale makarani walikuwa na haki ya kukasirika.

Mwanga, uzito, chumvi

Rudi ukumbini saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni, halafu mara moja usiku taa zikiwa zimewashwa. Majengo mapya yana vioo vingi, na kioo kinachotazama magharibi kitamwaga jua la jioni moja kwa moja juu ya kazi yako. Vitambaa, ukindu uliotiwa rangi na karatasi havistahimili mwanga. Makumbusho huvilinda kwa kiasi cha luksi 50, na rangi za mafuta luksi 200, wakati ukumbi wenye vioo mchana huzidi hapo maradufu kwa maradufu. Kwa hiyo pale penye jua peleka jiwe, kigae, chuma, mbao au kioo. Au ulifanye jua lenyewe kuwa rangi yako, kama alivyofanya msanii Afewerk Tekle katika ukumbi wa kuingilia wa Africa Hall, Addis Ababa: vioo vya rangi vya mita za mraba 150, katika sehemu tatu, vilivyokamilika mwaka 1961, vinavyosimulia Afrika ya jana, ya leo na ya kesho. Hakuna taa ya umeme ambayo ingefanya kazi ile. Jihadhari pia na vanishi inayong'aa. Ukumbi wa vioo hugeuza picha yenye vanishi kuwa kioo cha kujitazamia, kwa hiyo omba isiyong'aa.

Ukuta wenyewe ugonge kwa kidole. Kuta nyingi za mapokezi ni mbao za jipsamu zilizopigiliwa kwenye fremu nyepesi, na hazitabeba unachofikiria. Piga hesabu kabla ya kuahidi: bati la chuma la milimita 3 lina kilo 23.5 kwa kila mita ya mraba, na marumaru ya sentimita 2 ina zaidi ya kilo 50. Ukuta wa mita za mraba 12 kwa marumaru hiyo ni zaidi ya kilo 600, mbali na gundi. Mhandisi wa jengo aandike na kutia saini mahali pa kufungia. Maneno ya mdomo kwamba ukuta ni imara hayatakusaidia kitu kikianguka. Kama utachora juu ya plasta mpya ya saruji, subiri angalau siku 28 ikauke, au rangi itamenyuka na chokaa iliyomo na kubabuka. Hapa ndipo ugomvi na mkandarasi huanza, kwa kuwa atakukabidhi ukuta wiki moja kabla ya uzinduzi. Tarehe ya kukabidhiwa ukuta iwe ndani ya mkataba, na tarehe yako ya kumaliza ihesabiwe kutoka hapo.

Mwambao una adui wa ziada. Chumvi ya hewani Mombasa, Tanga au Mtwara hupenya hadi ndani ya ukumbi wenye milango wazi, na bolti ya kawaida itatiririsha kutu juu ya kazi nyeupe. Tumia chuma cha pua, daraja la 316 kama unaweza kulipia. Mbao ziwe zimekaushwa vizuri. Mvule na mninga huwashinda mchwa kuliko mbao laini, lakini mbao yoyote mbichi itapinda.

Maji na sauti: acha. Chemchemi ya mapokezini huishi mpaka pampu ya kwanza iungue, kisha inakuwa mahali pa kutupia vikombe vya chai. Na wimbo unaompendeza mgeni kwa dakika tano ni adhabu kwa dada wa mapokezi anayeusikia tangu asubuhi mpaka jioni.

Fedha na karatasi

Zabuni za umma Tanzania sasa hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, na msanii asiyesajiliwa humo hulazimika kuingia kwa mgongo wa mkandarasi, ambaye atakata chake. Kenya ina mpango wa AGPO unaotenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kikundi cha wasanii kinaweza kujisajili. Fanya hivyo kabla kazi haijatangazwa. Ukipata sikio la wakubwa, waeleze kwamba Ufaransa tangu mwaka 1951 hutenga asilimia moja ya gharama ya kujenga shule kwa ajili ya sanaa, mpango uliokuja kupanuliwa kwa majengo mengine ya umma, na jiji la Philadelphia, Marekani, lilianza utaratibu wa aina hiyo mwaka 1959. Asilimia moja inaonekana ndogo mpaka uipige kwenye gharama ya jengo la ghorofa nane.

Katika bei yako usisahau jukwaa la kupandia, usafiri, bima, ada ya mhandisi, fundi umeme na taa zake, kibao cha maelezo, picha za kumbukumbu, kodi, na asilimia 10 ya dharura. Ujira wako uandike peke yake kwenye mstari wake; msanii anayeuficha ndani ya vifaa hujikuta ameula kufikia mwezi wa pili. Malipo yaje kwa awamu: asilimia 30 mchoro ukikubaliwa, 40 vifaa vikinunuliwa na kazi kuanza, 20 ikishafungwa ukutani, 10 mwisho wa kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuangalia kasoro baada ya kukabidhi.

Mchoro uliokubaliwa uambatishwe kwenye mkataba, kila ukurasa ukiwa na saini, na badiliko lolote lipate saini yake. Mchoraji Diego Rivera aliongeza sura ya Lenin katika picha aliyokuwa akiichora kwenye ukumbi wa jengo kuu la Rockefeller Center, New York, mwaka 1933. Alisimamishwa, akalipwa fedha yake yote, na Februari 1934 ukuta ukabomolewa. Mwaka uleule aliichora upya Mexico City. Zingatia hilo la kulipwa yote: malipo hayakuilinda kazi, kwa sababu ukuta ni mali ya mwenye nyumba.

Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001 zinakupa haki ya kutajwa kuwa mtunzi na ya kupinga kazi yako kuharibiwa kwa namna inayokuvunjia heshima. Usitegemee hiyo peke yake siku watakapotaka kuvunja ukuta wapanue kaunta. Andika kwamba utapewa taarifa ya maandishi siku 90 kabla ya kuhamisha, kufunika au kuvunja; kwamba una nafasi ya kwanza ya kuichukua kazi kwa gharama zako; kwamba haitatobolewa wala kubandikwa kitu; na kwamba matengenezo yatafanywa nawe au na mtu uliyemkubali. Ikiwa haihamishiki, sema hivyo wazi, ili asiwepo wa kudai kwamba hakujua.

Watakaobaki nayo

Mtu atakayeigusa kazi yako kuliko mwingine yeyote ni mhudumu wa usafi. Mtafute. Mwandikie ukurasa mmoja kwa Kiswahili: brashi laini iliyo kavu, kitambaa chenye maji kidogo, hakuna jiki, hakuna asidi ya kusafishia vigae, hakuna steelwool. Kampuni za usafi hubadilika kila mkataba unapoisha, kwa hiyo ukurasa huo uufunike kwa plastiki na kuubandika ndani ya mlango wa stoo ya mifagio. Nakala ya kwenye faili la ofisa utawala haitasomwa. Acha sanduku lenye vigae vya akiba, kopo la kila rangi na namba yake, na jina la aina ya gundi.

Kibao kiwe chini, kwenye kimo cha aliyekaa, kwa lugha ya watu wanaosubiri. Kitaje jina la kazi, mwaka, vifaa, jina lako na majina ya mafundi waliochomelea, kuchonga na kupanga vigae. Orodha ya wajumbe wa kamati wanaweza kuiweka kwenye jiwe la msingi.

Kipindi cha matazamio kikikaribia kuisha, kwa kawaida mwaka mmoja, usitume msaidizi. Nenda mwenyewe siku ya kazi, foleni ikiwa ndefu. Tafuta alama za mafuta ya vichwa pale watu wanapoegemea, mikwaruzo ya migongo ya viti, sehemu iliyong'arishwa na vidole vya watoto, na kalenda ambayo bila shaka imeshatundikwa. Alama za vidole waachie, hizo ni za wenye jengo. Kalenda iondoe ukiwa na nakala ya mkataba mkononi. Rekebisha yanayorekebishika, piga picha kila upande, saini fomu pamoja na mhandisi, kisha panda ghorofani kwa mhasibu ukadai asilimia 10 yako.